Upande wa Bawaba

4 Februari

Kwa Mwandishi,

Anwani yako nimeipata nyuma ya kitabu chako kipya, kile cha muuguzi anayemuua daktari wa meno. Mke wangu alinisomea chote kwa siku nne, kwa kuwa macho yangu siku hizi nayaweka akiba kwa ajili ya kazi. Nakiri kwamba ni kitabu kizuri. Yule daktari anayewasifu wagonjwa wake kabla ya kuwang'oa jino namfahamu. Nadhani kila mtu anamfahamu. Siku ya tatu mke wangu aliunguza chakula kwa sababu hakutaka kuuacha ukurasa, nami sikulalamika.

Hata hivyo, katika sura ya saba muuguzi anafungua mlango wa ofisi kwa kibanio cha nywele, tena kwa muda wa "pumzi mbili". Bibi, hilo haliwezekani. Kwa jinsi ulivyoueleza, mlango huo una kitasa kilichochimbiwa ndani ya mbao, chenye vipande vitano vya chuma, na kila kimoja kinadai kuinuliwa kwa kimo chake. Kibanio cha nywele kitapinda kwenye kipande cha kwanza. Nimeifanya kazi hii kwa miaka hamsini na miwili. Kitasa cha aina hiyo hunichukua robo saa, nikiwa na zana zangu, nikiwa nimepiga magoti, na bila mtu kuniuliza maswali.

Sikuandikii ili nikuaibishe. Nakuandikia kwa sababu kila kitu kingine katika kitabu hicho ni sahihi, na mtu anayejali usahihi kiasi hicho anastahili kuambiwa.

Wako kwa heshima,
Fundi wa vitasa
(Mtaani wananiita Kitasa. Nimezoea.)


19 Februari

Mzee wangu Kitasa,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimeketi, kisha nikampigia simu mhariri wangu nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia, "Cheka tu, lakini wewe ndiye uliyesema pumzi mbili zinatosha." 

Umesema kweli, nami nimeona haya. Haya yangu ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu katika kazi hii nina desturi moja tu ninayojivunia: siandiki tendo ambalo sijalijaribu kwa mikono yangu, isipokuwa lile la mwisho. Kwa ajili ya kitabu cha pili nilijifungia ndani ya kabati la nguo kwa dakika arobaini, nijue mtu aliyejificha husikia nini. Nilimsikia mume wangu akimweleza jirani kwamba siku hizi siko sawa. Kwa ajili ya kitabu cha nne nilibeba gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima ili nilipandishe ghorofa ya tatu. Nilifika ya kwanza, nikakaa kwenye ngazi, nikaelewa kwamba muuaji wangu lazima awe na mwenzake. Kitabu kizima kikabadilika. Ndivyo ninavyofanya kazi, mzee wangu: mwili wangu hukataa, na hapo hadithi huanza. Kibanio cha nywele ndicho kitu pekee nilichookota kwa wengine bila kukijaribu, nawe umekiona.

Watu huniuliza mambo haya nayatoa wapi. Wanadhani nakata habari za mauaji magazetini. Mimi nasikiliza foleni. Kitabu changu cha kwanza kilitokana na mwanamke niliyemsikia katika studio ya picha akimwambia mpiga picha, "Nipunguzie tabasamu, hii nitaitumia msibani." Mumewe alikuwa ameketi pembeni, mzima kabisa, akisubiri zamu yake.

Sasa nina ombi. Kitabu kinachofuata kitahusu mlango uliofungwa. Ukurasa wa mwisho nimekwisha kuuandika. Mimi huanza na huo, huubandika ndani ya kabati la jikoni, kisha humtafuta mtu anayestahili kuufikia. Nifundishe kitasa. Na uniambie jambo moja: nani aliwahi kukuuliza maswali ukiwa umepiga magoti?

Mwanafunzi wako mtukutu,
Mwandishi


6 Machi

Binti yangu,

Marahaba.

Pamoja na barua hii nimekutumia kifurushi. Ndani yake kuna kitasa cha zamani ambacho nimekikata ubavu mmoja kwa msumeno ili uone vipande vyake vikifanya kazi. Ingiza ufunguo, uuzungushe polepole, na uweke kidole cha shahada kwenye mwili wa kitasa. Usikitazame. Kitasa husomwa kwa kidole, macho huharakisha. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja ndipo ujaribu waya. Mwanafunzi anayeanza na waya simfundishi.

Ile habari ya gunia la mchanga nimeipenda. Nimewaajiri vijana wengi ambao hawajawahi kuacha jambo likawakataa. Mke wangu naye anauliza huyo mwanamke anayenifanya nichane ndevu kabla ya kuandika barua ana umri gani. Nimemwambia sijui, lakini ana mume na kabati. Akasema, "Basi mwambie amtoe mume kabatini."

Umeuliza kuhusu maswali. Walioniuliza ni polisi. Miaka kumi na tisa iliyopita mfanyabiashara mmoja alikutwa amekufa ofisini mwake, nyuma ya ghala lake la saruji na mabati. Alikuwa amepigwa kichwani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Funguo zilikuwa mbili tu: mmoja ulikuwa mfukoni mwa marehemu, wa pili ulikuwa kwa mtunza ghala wake. Nilikitoa kitasa, nikakifungua kipande kwa kipande mezani kwangu. Hakikuwa na mkwaruzo. Mahakamani niliulizwa kama mtu angeweza kuingia na kutoka, akauacha mlango umefungwa, bila kutumia mojawapo ya funguo hizo mbili. Nilijibu kwamba haiwezekani. Nilijibu mara tatu, kwa kuwa wakili aliuliza kwa namna tatu.

Jaji alisema mbele ya watu wote kwamba laiti mashahidi wote wangeijua kazi yao kama mimi. Maneno hayo mke wangu aliyaandika kwa mkono wake, akayatia kwenye fremu ya picha, na yananing'inia juu ya benchi langu hadi leo. Kesi iliisha wiki ile ile.

Kidole kwanza. Waya baadaye.

Kitasa


25 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mama. Mwambie nina miaka hamsini na mitatu na mume ametoka kabatini, ila sasa analalamika kwamba nashika kitasa kuliko ninavyomshika yeye.

Nimefanya wiki ya kidole. Siku ya tano nilikisikia kipande cha tatu kikiinuka baada ya vingine, kama mtu anayechelewa kusimama mgeni anapoingia. Nilipiga kelele peke yangu. Asante.

Ila barua yako imenifanya nikose utulivu, na lazima nikueleze sababu. Mama yangu alikuwa mfagiaji wa mahakama. Alifagia baada ya kesi, lakini alifika mapema makusudi, akakaa benchi la nyuma na ufagio wake katikati ya magoti. Jioni alitusimulia yote akiwa anamenya viazi: sauti ya wakili, ya jaji, ya askari mwenye mafua. Hakutuambia kamwe nani aliua. Alituambia nani alilia ambaye hakutegemewa kulia. Kila kitabu nilichoandika kimetoka kwenye viazi vile. Nikikwama, najiuliza: Mama angemtazama nani?

Katika kesi yako, Mama angekutazama wewe. Nimempata mtu wangu, mzee. Kitabu hiki hakitamfuata muuaji. Kitamfuata shahidi: fundi mkweli, mwenye mikono safi, aliyesema yote aliyoyajua, akasifiwa, na kumbe alikosea. Nitampa magoti yako, kidole chako, hata ukali wako. Sijawahi kumpenda mhusika hivi kabla ya kumwandikia hata sentensi moja.

Nisaidie. Mlango kama ule, funguo mbili tu, kitasa kisicho na mkwaruzo. Je, kuna njia yoyote?

Mwandishi


7 Aprili

Bibi Mwandishi,

Hakuna njia. Nilisema hivyo chini ya kiapo, na nasema hivyo sasa.

Nilikutumia kitasa ili ujifunze kazi. Sikukutumia jina langu ulifanyie mazoezi. Ukitaka fundi aliyekosea, wako wengi. Mmoja yuko mtaa wa pili kutoka kwangu na nitakupa anwani yake. Kuhusu kesi ile naomba usiniandikie tena.

Fundi wa vitasa


11 Mei

Mzee wangu,

Nimekaa mwezi mzima bila kuthubutu. Naomba radhi. Nilikuchukua kama mtu anavyochukua kiti cha mwenyeji bila kuuliza, kisha nikashangaa mwenyeji kusimama.

Jambo la kwanza ninaloandika ni la kukufurahisha: ulisema kweli. Nilimwita seremala akanijengea mlango na fremu yake, tukausimamisha katikati ya sebule. Mume wangu sasa hubisha hodi kabla ya kupita kwenda jikoni. Nilitia kitasa cha aina ile ile na nikapambana nacho siku kumi na moja, kwa kidole, kwa waya, kwa matusi. Hakikufunguka. Kila nilipojaribu kilibaki na mkwaruzo. Yeyote atakayesema kitasa kile kinachezewa, mlete kwangu nimkalishe sakafuni.

Siku ya kumi na mbili nilichoka. Niliketi upande mwingine wa mlango, ule usio na kitasa, kwa sababu tu ndiko mto ulikokuwa. Seremala alikuja kuchukua randa yake. Nikamwuliza, kwa kukosa la kusema, "Hizi pini za bawaba hutoka?"

Alinitazama kama mtoto. "Mama, mlango unaofungukia nje, bawaba zake ziko nje. Unagonga pini kutoka chini, inatoka. Unavuta mlango upande wa bawaba, ulimi wa kitasa unajichomoa wenyewe kwenye fremu. Milango tunaitoa hivyo kila siku."

"Na kuurudisha?"

"Vivyo hivyo. Kwani ulitaka nani aje kuurudisha?"

Alifanya mbele yangu kwa dakika nne. Mimi nilitumia tisa. Mlango uliondoka, nikaingia, nikatoka, nikaurudisha, na muda wote huo kitasa kilikuwa kimefungwa. Hakuna aliyekigusa. Hakina mkwaruzo. Fundi wangu kitabuni hakukosea hata chembe juu ya kitasa! Alikijua kuliko mtu yeyote, na kwa sababu alikijua hivyo, hakutazama upande wa pili.

Nimeandika sura tano kwa siku tisa. Haijawahi kunitokea.

Najua mlango wa ghala lako ulifungukia ndani, kama milango mingi ya ofisi, na hili ni la hadithi tu. Nakuandikia kwa kuwa bila kidole chako nisingejenga mlango, na kwa kuwa furaha hii sina mwingine wa kumpa.

Mwandishi


2 Juni

Binti yangu,

Ulifungukia nje.

Nilipoisoma barua yako niliiweka chini, nikaenda kuchukua daftari langu la mwaka ule. Kila mlango ninaoufungua huuchora. Ofisi ilikuwa ndogo na meza ilikuwa karibu na kizingiti, kwa hiyo mlango ulifungukia ushorobani. Katika mchoro wangu kitasa kimechorwa kwa vipimo, hadi skrubu zake nne. Upande wa bawaba nimepiga mstari mmoja tu.

Siku iliyofuata nilikwenda. Siku hizi ghala lile ni la magodoro. Nilimwambia msimamizi kwamba niliwahi kufanya kazi pale, na haukuwa uongo. Mlango ni ule ule. Mwaka ule ulikuwa mbao tupu; sasa umepakwa rangi ya kijani juu ya rangi ya kijivu. Nilikwaruza kidogo kwa kucha. Chini ya kila pini kuna alama za kugongwa, na rangi ya kijivu imejaa ndani ya alama hizo. Maana yake zilikuwepo kabla ya rangi zote mbili. Seremala yeyote angeweza kuziacha siku yoyote. Sijui nani aliua. Sijui hata kama si yule yule. Ninachojua ni kwamba niliapa juu ya jambo ambalo sikulitazama.

Siku ile nilipiga magoti mbele ya mlango huo kwa saa mbili. Bawaba zilikuwa hatua moja kushoto kwangu. Nadhani nilijishika kwenye mojawapo wakati wa kusimama.

Wewe hukuniuliza mtunza ghala alipatwa na nini, nami sikukuambia. Alifungwa maisha. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ushahidi mwingine juu yake ulikuwa kwamba aligombana na mwajiri wake kuhusu likizo. Lililomfunga ni ufunguo, na aliyeufanya ufunguo uwe na uzito ni mimi. Nimeuliza. Yu hai, yuko gerezani.

Nimeishusha ile fremu. 

Nilikukasirikia kwa kumfanya mtu kama mimi akosee. Sasa nakiri mbele yako kwamba ulifanya kwa ajili ya hadithi kazi ambayo mimi sikuifanya kwa ajili ya mtu. Uliujenga mlango. Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa kuwa unawajua watu wa namna hii kuliko mimi: yule shahidi wako, katika ukurasa ulioubandika kabatini, anafanya nini?

Kitasa


9 Juni

Mzee wangu,

Ananyamaza. Anakufa akiwa mzee, akiheshimiwa, na mtaa mzima unamzika. Msomaji peke yake ndiye anayejua. Ni ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nimeubandua asubuhi hii na kuuchana, kisha nikasimama mbele ya kabati kwa muda mrefu kama mtu aliyesahau alifuata nini.

Nimezungumza na wakili, mwanamke makini sana, ambaye yuko tayari kuipeleka kesi kwenye rufaa kwa ushahidi mpya. Anwani yake iko chini. Aliniuliza swali moja lililoniuma: "Kitabu kimefika wapi?" Kimekwisha, mzee. Kurasa mia mbili na arobaini, na mhariri amekwisha kupanga mwezi wa kukitoa. Wakili akasema kikitoka kabla ya kesi, upande wa serikali utasema mzee amepewa maneno na mwandishi anayetafuta wasomaji, na mtunza ghala atabaki alipo.

Sitaki unifikirie mwema kupita nilivyo. Kwa siku mbili nilikukasirikia. Nilijiambia kwamba mlango ni wangu, sebule ni yangu, siku kumi na moja ni zangu. Siku ya tatu nilikwenda kwa mhariri nikachukua mswada wangu kutoka mezani kwake. Akasema, "Umechanganyikiwa? Hiki ndicho kitabu chako!" Nikamwambia, "Ndiyo. Ndiyo maana nakichukua." Alinifuata mpaka ngazini akitaja tarehe.

Mlango wa sebuleni upo. Mahakama ikiutaka, nitauleta. Lakini wa kusema ni wewe, na sitakushauri useme nini. Shahidi niliyemtunga mimi alinyamaza. Wewe umekwenda ghalani na kukwaruza rangi, na hilo mimi sikuweza kulitunga.

Mwandishi


20 Oktoba

Mwandishi mpendwa,

Mimi ni mke wa Kitasa, yule anayesoma. Hajui nakuandikia, na akijua tutagombana, basi usinitaje.

Anakwenda mahakamani Alhamisi. Hatakuambia hali ilivyo, kwa hiyo nakuambia mimi. Habari imeenea mtaani. Mteja mmoja alikuja kuchukua kufuli lake kabla halijatengenezwa, akasema ana haraka. Haraka hiyo hatukuwahi kuiona kwake kwa miaka thelathini. Fundi mwenzake wa mtaa wa pili, yule ambaye mume wangu humcheka, alikuja kumpa pole. Pole hiyo ilimwumiza kuliko lile kufuli.

Kila asubuhi anasimama mbele ya kabati la nguo na kulitolea ushahidi. Nimemwambia kabati limekwisha kusadiki, aje anywe chai.

Wiki iliyopita nilimwambia, "Mume wangu, una miaka sabini na sita. Nani atakulaumu ukikaa kimya?"

Akasema, "Wewe."

Nikaenda kuchemsha chai, maana ni kweli.

Tafadhali tutumie kitabu chochote chenye mauaji, kile unachokiona cha kutisha kuliko vyote. Nataka achangamke.

Mama wa nyumba ya Kitasa


12 Machi

Binti yangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka niwe na jambo lililokamilika.

Ya mahakamani unayajua kutoka kwa wakili, ila kuna maneno ambayo pengine hakukuambia. Wakili wa serikali aliniuliza, "Mzee, miaka kumi na tisa hukuona kitu. Nani amekufumbua macho?" Nikasema ni mwandishi wa hadithi za mauaji. Watu walicheka. Jaji aliyeketi katikati ya wale watatu hakucheka. Akauliza, "Yeye alijuaje?" Nikamjibu, "Aliujenga mlango, mheshimiwa. Mimi niliutazama tu, tena nusu yake." Wakili akauliza kama mwaka ule nilisema uongo. Nikasema hapana, niliulizwa kuhusu mlango nikajibu kuhusu kitasa, kwa sababu kitasa ndicho nilichokijua, na nilipenda kusikilizwa. Sentensi hiyo ya mwisho sikuifanyia mazoezi mbele ya kabati.

Mahakama ilituma watu ghalani pamoja na seremala. Alitumia dakika tano, kwa sababu ya rangi. Uamuzi ulichukua miezi mitatu. Walisema ufunguo peke yake hauwezi tena kumfunga mtu, wakamwachia mtunza ghala.

Kitabu chako sasa kitoe. Mke wangu amenisomea mswada wote ulionitumia. Ni kazi ya fundi. Sijui nyinyi mnajifunzia wapi, lakini yule mzee anapopangusa zana zake kabla ya kuapa, mimi nilijitazama mikono. Usimpunguzie chochote kwa ajili yangu. Ukurasa wa mwisho ni mweupe, naona unasubiri. Sitakuandikia huo, ila nitakueleza yaliyotokea Jumanne, nawe utaona kama yana kazi.

Yule mtunza ghala alikuja karakana saa nne asubuhi, peke yake, na mfuko wa karatasi mkononi. Nilimjua kabla hajasema jina. Nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa wiki nzima.

"Kaa, mzee," akasema. "Hayo unayotaka kuyasema sijayajia. Nitayajia siku nyingine, au nisiyajie."

Nikakaa.

"Nataka kitasa," akasema. "Dada yangu amenipa chumba. Kina mlango, hakina kitasa. Miaka yote hii milango yangu imefungwa na watu wengine."

Nilichukua mfuko wangu wa zana tukatembea pamoja hadi kwa dada yake. Njiani hatukuzungumza, isipokuwa aliniuliza kama duka la viatu lililokuwa kwenye kona lilibomolewa lini, nami sikukumbuka. Mlango ni wa mbao nzuri. Kabla sijagusa chochote nilianza kwa bawaba.

"Ziko ndani," nikamwambia.

"Nimeziona," akasema.

Nilichimba, nikapima, nikafunga. Alisimama kando muda wote akitazama mikono yangu, na hakuuliza swali hata moja. Nilipomaliza nilimpa funguo mbili. Akaziweka kiganjani.

"Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu."

Aliingia, akaurudisha mlango, akaufunga. Nikausikia ulimi ukiingia kwenye fremu. Kisha akaufungua. Kisha akaufunga tena. Dada yake alitoka jikoni, mikono ina maji, akaja kusimama karibu nami ushorobani. Kaka yake alifunga na kufungua, alifunga na kufungua. Nilihesabu hadi kumi na nne nikaacha. Kitasa kilikuwa kigumu mwanzoni, kama vitasa vipya vyote. Tulipoacha kukisikia kilikuwa kimelainika, na mlango ulikuwa umefungwa.

Kitasa